Farasi Waliotoroka Kitabuni

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri, na yeye hakuwahi kumkatalia mtu. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha uchapaji. Aliingia pale msichana, akipanga herufi za risasi kwa mkono, moja baada ya nyingine, akatoka mtu mzima mwenye miwani, akipanga kurasa kwenye kompyuta. Katika maisha hayo yote hakuna habari ya mji iliyofika kwa wenye mji kabla haijapita kwake. Kadi za harusi alizisoma kabla bibi harusi mwenyewe hajaziona. Mabango ya wanaowania vyeo aliyasoma wakati wapinzani wao bado wanadhani hawana mpinzani. Hakuwa mmbea, alisema mwenyewe, ila kazi yake ilikuwa kusoma, na mtu akisoma hawezi kujizuia kujua.

Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, umpe cheti cha kustaafu na saa ya ukutani, goti lake lianze kumsumbua, halafu umweke chumba cha uani kinachotazamana na tangi la maji. Hicho ndicho chumba alichokuwa nacho Shangazi katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao. Akifungua dirisha asubuhi anaona tangi. Akifungua jioni anaona tangi, na pengine paka juu ya tangi. Habari za mtaa zilimfikia zimeshapoa, zimeshatiwa chumvi na watu wasiojua kutia chumvi, na jambo hilo lilimuuma kuliko goti.

Chumba cha mbele kilikuwa na mpangaji, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyelala na dirisha lake limefungwa. Dirisha lenyewe sasa! Pana, la vioo viwili, limekaa juu ya njia panda. Ukiketi pale unamwona kinyozi, unaliona duka la dawa, unamwona mshona nguo na wateja wake wanaokuja kudai nguo zao kwa ukali na kuondoka kwa upole bila nguo, na unaiona ile kona ambako huagana watu wasiotaka kuonekana wakiagana. Mwalimu alikaa na utajiri wote huo asiutumie. Siku alipohamishwa kikazi na kufungasha vitabu vyake, Shangazi alimsaidia kubeba hata ufagio, goti likiwa limepona ghafla.

Bahati mbaya hakuwa peke yake mwenye mate mdomoni. Katika nyumba hiyohiyo aliishi mdogo wake, Fundi Saa, ambaye Shangazi ndiye aliyemwachia ziwa. Huyu naye alikuwa amezeeka kwa namna yake, polepole, kama alivyofanya kila kitu. Alitengeneza saa za mkono katika chumba cha katikati chenye kidirisha cha kupitisha hewa tu, na macho yalikuwa yameanza kumkatalia. Alihitaji mwanga. Skurubu ikimdondoka alitambaa sakafuni akiipapasa, na mara nyingine aliibuka na punje ya mchele.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema Shangazi.

"Mimi ndiye ninayefanya kazi," alisema Fundi Saa.

"Kwa hiyo mimi nimekufa?"

"Sijasema umekufa, Dada. Nimesema unatazama watu, na watu wanaonekana hata gizani. Skurubu haionekani."

Mwamuzi wa nyumba ile alikuwa binti wa kaka yao mkubwa, ambaye tangu baba yake afariki ndiye aliyeshika funguo zote na kulipia maji. Wenyewe walimwita Mkurugenzi. Alifanya kazi katika maktaba ya chuo, na alikuwa na tabia ya kusikiliza ugomvi huku akitafuta kitu kwenye mkoba wake. Akikipata, kesi imekwisha.

"Shangazi, Baba Mdogo, mnanichosha," alisema siku hiyo, mkono umezama mkobani. "Nyie si kila Jumapili mnacheza sataranji mpaka chai inapoa? Basi chezeni. Mchezo mmoja tu, mwisho wa mwezi, mbele yangu. Atakayeshinda ahamie chumba cha mbele, na atakayeshindwa asije kunililia." Akatoa kalamu, akaifunga, akaenda zake kazini.

Shangazi aliingia chumbani kwake akajifungia ili acheke vizuri. Kumfunga mdogo wake kwenye sataranji ilikuwa kazi yake ya Jumapili. Mbinu yake ilikuwa moja: kucheza haraka na kusema sana. Fundi Saa alipokuwa akifikiria, Shangazi alimuuliza kuhusu kifungo kilichokatika shatini, akamkumbusha deni la sukari la jirani, akaimba kidogo, mpaka mwenzake akachoka na kusogeza chochote. Kucheza kwenyewe walicheza kwa kubahatisha wote wawili. Walijua kila kete inavyotembea, basi.

Lakini Mkurugenzi alikuwa mtu wa haki mpaka inakera. Maktaba yao ilikuwa inaondoa vifaa vya zamani, vile vibao vya umeme vya kusomea vitabu, vyembamba, vyenye kioo cha nyeusi na nyeupe tu. Aliviomba viwili akavileta nyumbani, kila kimoja kimetiwa kitabu kilekile cha kufundishia sataranji, faili la PDF.

"Kitabu kimoja, vibao viwili, sawa kwa sawa," alisema. "Mtu asije akasema amedhulumiwa."

Shangazi alikishika kibao chake kwa dharau ya mtu aliyewahi kunusa wino. Akakiwasha, akasogeza miwani, akaanza kusoma. Ukurasa wa kwanza mzuri, wa pili mzuri, wa tatu akasimama.

Vitabu vya sataranji vina lugha yao, na si ngumu. Kila chumba cha ubao kina jina lake, herufi na tarakimu. Mwandishi akitaka kukwambia farasi aende mahali fulani, anachora kifarasi kidogo, halafu anaandika jina la chumba. Akitaka malkia aende, anachora kimalkia. Kwenye kibao cha Shangazi majina ya vyumba yalikuwepo yote, lakini vile vipicha havikuwepo hata kimoja. Palikuwa na nafasi nyeupe, jina la chumba, nafasi nyeupe, jina la chumba, ukurasa hadi ukurasa. Hata pale kitabu kiliposema "tazama mchoro", mchoro ulikuwa ubao mtupu, nchi isiyo na watu. Msomaji aliambiwa pa kwenda, lakini hakuambiwa nani aende.

Mtu mwingine angekitupa. Shangazi alitabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. Ugonjwa ule aliujua tangu kiwandani. Ukituma kazi ikachapwe mahali pengine bila kufungasha na herufi zake, wale wa kule watakuchapia kwa herufi walizonazo, na wasizokuwa nazo watakuachia nafasi. Farasi na malkia hawakuwa picha. Walikuwa herufi za fonti maalumu ambayo aliyetengeneza faili hakuitia ndani. Kompyuta ya maktaba ilikuwa nayo, ndiyo maana Mkurugenzi aliona kitabu kizima asishuku kitu. Kibao hakikuwa nayo, kikanyamaza.

Siku iliyofuata, Mkurugenzi akiwa nyumbani anafua, Shangazi aliomba kompyuta yake "aangalie barua moja". Akafungua kile kitabu, na kweli, farasi walikuwepo wamejaa tele. Akatafuta orodha ya fonti za faili, akakuta ile ya sataranji imetajwa jina tu, yenyewe haimo. Akalitengeneza upya faili ndani ya kompyuta ileile, akakihamisha kitabu kwenye kibao kwa waya. Akafungua. Lahaula! Malkia amekuwa mkasi. Ngome imekuwa simu ya mezani. Farasi wote wamegeuka vinyota, na mfalme ni bahasha. Kibao kilikuwa kimeokota fonti yoyote kikajazia. Shangazi alicheka peke yake mpaka Mkurugenzi akauliza kutoka uani kuna nini kwenye hiyo barua.

Akarudia, safari hii akikumbuka kuiamuru kompyuta ifungashe fonti zote ndani, isiache hata moja. Akahamisha tena. Akafungua ukurasa wa tatu. Farasi wakasimama mstarini, masikio juu, wanene, weusi ti. Roho yake ikawa kwatu.

Na hapo, msomaji mwema angetegemea kwamba atakichukua na kibao cha mdogo wake akitibu, maana ilikuwa kazi ya dakika chache na waya ulikuwa bado mkononi. Hata yeye alitegemea hivyo. Alinyanyuka kabisa kwenda kumwita. Lakini kutoka sebuleni, alikokaa na kompyuta, ili ufike chumba cha katikati lazima upite mlango wa chumba cha mbele, na mlango ulikuwa wazi, na dirisha lilikuwa wazi, na nje mwenye duka la dawa alikuwa amesimama mikono kiunoni akimwambia kinyozi maneno ambayo Shangazi hakuyasikia vizuri. Alisimama. Akasogea kidogo. Kinyozi alijibu nini? Ugomvi ulikuwa umeanzia wapi? Alipopata nguvu ya kuondoka pale, huruma ilikuwa imeshakauka.

Jioni walikaa mezani wawili, Fundi Saa na kibao chake mbele ya sahani.

"Dada, hivi kitabu chako kina farasi?"

Shangazi alimeza tonge taratibu. "Farasi gani?"

"Farasi. Malkia. Watu. Changu kina mashimo. Wanasema nenda pale, nenda pale, hawasemi nani. Nimekigonga kidogo, nimekizima nimekiwasha, wapi."

"Ah, hayo?" alisema Shangazi, na hapa alijitia hamnazo kwa ustadi ambao ungestahili kazi bora zaidi. "Ndivyo kilivyoandikwa. Hicho ni kitabu cha wataalamu. Msomaji anajaza mwenyewe."

"Na chako hivyohivyo?"

"Kitabu si kimoja, mdogo wangu?"

Fundi Saa alimtazama, akakitazama kibao. Alikuwa amemheshimu dada yake maisha yake yote katika mambo ya maandishi. "Wataalamu wana kazi," alisema, akaondoka na chai yake.

Kuanzia hapo nyumba iligawanyika sauti mbili. Chumba cha uani palikuwa kimya. Shangazi alikuwa amejilaza kitandani na mito miwili, anahifadhi. Kichwa chake kilikuwa kimezoea kushika kurasa nzima, na mwendo wa kitabu ulimwingia kama matangazo ya harusi: farasi hapa, askofu pale, mfalme ajifiche nyuma ya ngome. Hakuhitaji hata ubao. Chumba cha katikati kulikuwa na tok, tok, tok. Fundi Saa alikuwa amepanga ubao juu ya meza yake ya saa, na kila alipofika kwenye shimo alijaribu mmoja mmoja. Anamweka farasi mahali palipotajwa, anatazama, anamtoa. Anamweka askofu, anatazama, anakuna kichwa, anamtoa. Ukuta ulikuwa mwembamba, na Shangazi aliyasikia yote.

"Huyu hafiki," alikuwa akinong'ona. "Huyu anafika, lakini atakuja kujuta. Huyu je? Ee, huyu! Lakini akienda huyu, yule mwingine analia."

Wateja walikuja kuchukua saa zao wakaambiwa warudi. Mkate uliungua. Siku moja alitokea chumbani na kisanduku cha vifungo, akadai ana watu pungufu, anataka kujaribu pande mbili kwa wakati mmoja. Shangazi alimwonea huruma ya kweli. Alikuwa mdogo wake, na mgongo wake ulikuwa umepinda juu ya ule ubao kama alivyokuwa akipinda mtoto juu ya daftari. Mara mbili hivi alifungua mdomo amwambie alete kibao. Lakini kila alipofungua mdomo alilikumbuka tangi, akaufunga.

Mchana mmoja usingizi ulimpitia akisoma, kibao juu ya kifua. Alipoamka alikuta amefunikwa khanga na kikombe cha chai kipo juu ya kigoda, kimepoa. Alijua ni Mkurugenzi, akamsifu moyoni kwa adabu yake.

Siku ikafika. Mkurugenzi aliweka meza katikati ya chumba cha mbele chenyewe, ambacho sasa kilikuwa kitupu, sauti zikivuma ukutani. Shangazi alikuja amevaa miwani ya kazini. Fundi Saa alikuja na shati lililokamilika vifungo vyote, jambo ambalo lingepaswa kumshtua mwenzake mapema, maana lilimwondolea silaha moja.

"Umependeza," alisema Shangazi. "Nani kakushonea?"

"Nimeshona mwenyewe. Cheza, Dada."

Shangazi alicheza kama kitabu. Farasi, kitunda cha mstari wa mbele, askofu, mwendo baada ya mwendo, mkono hautulii. Fundi Saa naye alifuata, polepole, na Shangazi alifurahi kuona anakwenda njia ileile ya ukurasa wa kumi na kitu, ambayo mwisho wake aliujua na ulikuwa mzuri sana kwake. Tayari alikuwa ameshaanza kufikiria pazia. Pazia jepesi, la kuona nje bila kuonekana.

Halafu, mahali ambapo kitabu kinamweka farasi, Fundi Saa akamweka malkia.

Shangazi aliutafuta ule ukurasa kichwani, haukuwepo. Akatafuta unaofuata. Hakuna kitabu kilichosema malkia aende pale, au kama kipo si hiki. "Umekosea," alimwambia kwa upole. "Hapo huwa ni farasi."

"Huwa," alisema Fundi Saa.

"Ukitaka kurudisha, mimi sina neno."

"Sirudishi."

Basi akaendelea na kitabu chake kana kwamba malkia hayupo, kwa sababu kitabu kilisema baadaye mambo yatakuwa mazuri. Hayakuwa mazuri. Kila alipogusa kitu alikuta mdogo wake ameshafika, na amefika akiwa na mtu asiyetarajiwa. Alijaribu kuimba, sauti ikatoka nyembamba. Aliuliza kuhusu mkate ulioungua, hakujibiwa. Yule mtu aliyekuwa akichoka na kusogeza chochote sasa alikuwa ametulia kama yuko ndani ya tumbo la saa, anajua kila gurudumu linagusana na lipi. Hatimaye Fundi Saa alisogeza kitunda kimoja kidogo, kwa kidole kimoja, akaegemea kiti.

Shangazi aliutazama ubao kwa muda. Mfalme wake hakuwa na pa kwenda. Alitazama tena, akidhani labda kuna kichochoro.

"Imekwisha, Shangazi," alisema Mkurugenzi kwa sauti ndogo, na akaona aibu kutafuta chochote mkobani.

Iliuma. Tusifichane, iliuma sana. Uchungu haukuwa wa kushindwa mchezo. Alikuwa ameinua macho, na nje, kwenye dirisha ambalo sasa si lake, mtaa ulikuwa unaendelea na mambo yake bila yeye. Alimpa mdogo wake mkono, akamwambia hongera, akatembea mpaka chumba cha uani na goti lake lote. Alikaa kitandani akitazama tangi. Paka hata hakuwepo.

Fundi Saa alihamia chumba cha mbele na kabati lake, taa yake na saa zake zote zisizokubaliana. Jumapili ilipofika Shangazi hakutoka. Alisikia hatua mlangoni.

"Dada, nimepanga ubao."

"Cheza na vifungo."

"Nimetengeneza chai."

Alikwenda, kwa sababu ya chai, alijiambia. Aliingia akakuta meza ya kazi imewekwa pale dirishani kabisa, na viti viwili. Kiti cha Fundi Saa kilitazama nje. Kile cha mgeni kilikuwa kimeligeuzia dirisha mgongo.

"Hiki ndicho changu?"

"Mimi nahitaji mwanga, Dada. Tulishakubaliana."

Shangazi aliketi, akauma meno. Walianza kucheza. Safari hii hakuwa na kitabu cha kufuata, alikuwa amekizima kibao tangu siku ile na kukitia kwenye droo ya kabati, chini ya mashuka. Alicheza polepole, akimfikiria kila mmoja anafika wapi na anaacha nini nyuma. Aligundua, kwa mshangao, kwamba hakuwa na muda wa kusema.

Ndipo nje kelele zikalipuka. Mlango ulibamizwa, mwanamke akapiga ukelele, mtu akacheka kicheko kibaya, kitu chenye magurudumu kikaburutwa juu ya mawe. Kelele ilitoka upande wa kinyozi, au wa duka la dawa. Shingo ya Shangazi ilianza kugeuka yenyewe.

"Geuka tu," alisema Fundi Saa, macho ubaoni. "Mimi siibi."

Kugeuka kwenyewe kungekuwa kuomba, na Shangazi alikuwa ameshapoteza chumba, hakutaka kupoteza na uso. Alijikaza. "Sina haja. Ila wewe unaona. Kuna nini?"

Fundi Saa aliinua kichwa, akachungulia juu ya miwani yake bila haraka.

"Mmoja ametoka nje na sanduku."

"Nani?"

"Anaelekea njia panda. Mwingine anamfuata mbio, miguu mitupu."

"Mwingine nani, wewe? Mwanamume au mwanamke?"

"Amemfikia. Ameshika sanduku upande mmoja, na yule upande mwingine. Wa tatu amesimama mlangoni, ndiye anayecheka."

"Mlango wa nani?" Shangazi alishika meza kwa mikono miwili, watu wa ubaoni wakatikisika. "Sema majina, mdogo wangu! Hao ni akina nani? Unaniambia wanakwenda wapi, huniambii nani anakwenda! Habari gani hiyo yenye mashimo?"

Fundi Saa alivua miwani yake. Akaifuta kwa ncha ya shati, jicho la kulia kwanza, la kushoto baadaye. Akaivaa.

"Ndivyo ilivyo, Dada," alisema. "Hii ni habari ya wataalamu. Msikilizaji anajaza mwenyewe."

Shangazi alifungua mdomo. Alikumbuka khanga, alikumbuka kikombe cha chai kilichopoa juu ya kigoda, alikumbuka kibao kilichokuwa wazi juu ya kifua chake na farasi wote wamejipanga.

"Ulijua," alisema.

"Farasi wako walikuwa wamenona sana. Nikawaona tangu mlangoni."

"Na hukusema! Hukuniomba nikutengenezee!"

"Nilitaka kukuamsha tukosane. Halafu nikafikiri, nikikosana nawe nitapewa kizima, na mimi nilikuwa nimeshanogewa na kile kibovu." Akamimina chai, akamsogezea kikombe. "Zamu yako."

Shangazi alimtazama mdogo wake, mtu mzima mwenye chembe za mkate kwenye kola, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Nyuma ya aibu kikaja kicheko. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisosi. Fundi Saa naye akacheka, kimyakimya, mabega tu. Nje sanduku liliburutwa tena.

Shangazi alifuta machozi. Hakugeuka. Aliweka kidole juu ya farasi wake, akakiacha pale, akafumba macho.

"Huyo mwenye sanduku," alisema, "anachechemea au hachechemei?"

Fundi Saa alichungulia. "Hachechemei."

"Basi si mke wa kinyozi. Na huyo wa miguu mitupu, ana tepe shingoni?"

"Tepe ya nini?"

"Ya kupimia nguo, ewe!"

Fundi Saa alisimama, akaegemeza mikono yake miwili kwenye dirisha, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie chumba kile akautazama mtaa vizuri.

"Anayo," alisema, na sauti ilikuwa imeshabadilika. "Dada, anayo! Halafu?"